Majina Yaliyokatwa: Historia ya Katuni za Zamani Kwenye Televisheni

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali hebu nikuulize: nani alimtunga Bugs Bunny, yule sungura mla karoti asiyeshikika? Na nani waliwatunga Tom na Jerry? Vijana wengi niliowauliza mtaani hapa Dar es Salaam walinijibu haraka haraka, "Si Disney bwana!" Jibu hilo si kweli hata kidogo, lakini siwalaumu. Sisi tulipozijua katuni hizo, majina ya waliozitengeneza yalikuwa yameshapitiwa na mkasi miaka mingi kabla hatujazaliwa. Makala hii inaeleza mkasi huo ulitoka wapi na nani aliushika. Na mimi ninayesaka jina katika fani hii ya uandishi naona habari hiyo inatuhusu sana, pengine kuliko tunavyodhani.

Nikisema katuni za zamani nina maana ya zile fupi za Marekani zilizounganishwa tatu au nne zikawa kipindi kimoja cha televisheni. Kipindi kina wimbo wake wa kufungulia, kina mtangazaji wake au mnyama anayekaribisha, halafu katuni zinafuatana moja baada ya nyingine. Mtoto anayetazama anaamini vyote vilitengenezwa siku moja, mahali pamoja. Kumbe katuni ya kwanza ilichorwa mwaka 1941, ya pili mwaka 1953, na huyo anayekaribisha amechorwa juzi tu ili kuzishona pamoja.

ZILIZALIWA SINEMA

Popeye, Bugs Bunny, Tom na Jerry, Woody Woodpecker na wenzao hawakuzaliwa sebuleni. Walizaliwa kwenye majumba ya sinema. Katika miaka ya 1930 na 1940, Mmarekani aliyekata tiketi hakuona filamu kubwa peke yake. Kwanza aliona habari za ulimwengu, kisha katuni ya dakika kama saba, ndipo filamu yenyewe ianze. Watu wazima walikuwamo ukumbini, wanaume kwa wanawake, na katuni zilitungwa zikiwalenga hao pia. Ndiyo maana ukizitazama leo unakuta utani ambao mtoto wa miaka mitano hawezi kuuelewa.

Waliozitengeneza walikuwa waajiriwa. Kampuni ya Warner ilikuwa na watu wake Hollywood: Tex Avery, Bob Clampett, Friz Freleng, Chuck Jones na Robert McKimson wakiwa waongozaji, Michael Maltese akiwa mtunzi wa visa, Carl Stalling akiwa mtunzi wa muziki. MGM ilikuwa na William Hanna na Joseph Barbera. Max Fleischer na ndugu yake Dave walitengeneza Popeye kwa ajili ya Paramount kuanzia mwaka 1933. Walilipwa mshahara, na walichokichora kikawa mali ya kampuni. Bwana mkubwa akitaka kukiuza kesho, hakuwa na haja ya kubisha hodi kwa mchoraji.

Kitu kimoja kilibaki kuwa cha mchoraji: jina lake mwanzoni mwa filamu. Muziki unalia, nembo ya kampuni inatokea, kisha jina la katuni, kisha majina ya watu. Sekunde chache tu. Lakini usizidharau sekunde hizo. Mel Blanc, aliyetoa sauti ya Bugs Bunny, Daffy Duck, Porky Pig na wengine lukuki, alimwendea mwajiri wake Leon Schlesinger kuomba aongezwe mshahara. Akanyimwa. Basi akaomba badala yake jina lake liandikwe kwenye filamu, na hilo akapewa. Jina likawa ndiyo nyongeza yake ya mshahara! Lilimfaa, maana watu walianza kumjua na kazi za redio zikaongezeka.

Ila mkeka ukimtosha mmoja, mwingine hulala chini. Arthur Q. Bryan, aliyetoa sauti ya Elmer Fudd, yule mwindaji anayemfukuza sungura siku zote bila kumpata, alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1959 na jina lake halikuandikwa. Watazamaji wengi waliamini kwamba naye ni Mel Blanc. Huko MGM, katuni ya kwanza kabisa ya Tom na Jerry, iliyotoka mwaka 1940 kwa jina la Puss Gets the Boot, ilibeba jina la Rudolf Ising. Hanna na Barbera, walioibuni na kuiongoza, hawakutajwa.

Mkasi wenyewe ulianza kazi kabla ya televisheni. Kuanzia mwaka 1943 Warner walizirudisha sinema baadhi ya katuni zao za zamani chini ya nembo mpya waliyoiita Blue Ribbon. Ili nembo hiyo ikae, walikata ukurasa wa mwanzo wenye majina wakaweka mwingine. Katuni ikaonekana mpya, na katika nyingi ya hizo majina ya watu yakaachwa nje.

TELEVISHENI YANUNUA KWA FUNGU

Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni kubwa za filamu haziwezi kuendelea kumiliki majumba ya sinema na kuyalazimisha yachukue filamu kwa furushi. Uamuzi huo ulitikisa katuni kwa sababu hii: katuni fupi ilikuwa inauzwa ndani ya furushi. Furushi lilipofunguliwa, mwenye sinema alianza kujiuliza kwa nini alipe fedha nyingi kwa dakika saba za pembeni. Wakati huohuo televisheni ilikuwa inaingia majumbani, nayo ilikuwa na njaa. Kituo cha televisheni kina saa nyingi za kujaza kila siku na fedha ni chache. Katuni ya zamani ilikuwa chakula kilichokwisha kupikwa.

Mwaka 1953 mtandao wa CBS ulianza kuonyesha katuni za zamani za studio ya Terrytoons katika kipindi cha Barker Bill. Mwaka 1955 CBS haikuona sababu ya kuendelea kukodi, ikainunua Terrytoons yenyewe, na Desemba mwaka huo ukaanza Mighty Mouse Playhouse, kipindi cha Jumamosi asubuhi kilichojazwa katuni zilizokwisha pita sinema.

Kisha ukaja mwaka 1956, mwaka wa mnada hasa. Kampuni moja iliyoitwa Associated Artists Productions, kwa kifupi AAP, ilinunua kutoka Warner hazina ya filamu za zamani pamoja na katuni 337 za rangi, zile zilizotolewa kabla ya Agosti 1948. Mwaka huohuo ikanunua Popeye kutoka Paramount, katuni zaidi ya 200. AAP haikuwa na kituo chake cha televisheni. Ilivikodisha vituo vya miji mbalimbali, na kila kituo kikaunda kipindi chake. Mtu alivalishwa kofia ya unahodha au nguo za mchekeshaji, akasimama mbele ya meli ya mbao, akazungumza na watoto, akauza maziwa na biskuti, kisha akaweka katuni. Kule New York kituo cha WPIX kilikuwa na Kapteni Allen Swift, na watoto walimpenda kama baba mdogo.

Waliouza waliona wamepata fedha za bure kwa vitu vilivyokaa stoo. Lakini mmoja alikataa kuuza. Walt Disney aliwahi kunyang'anywa sungura aliyeitwa Oswald mwaka 1928, kwa kuwa mkataba ulimpa sungura huyo mtu mwingine, na funzo lile hakulisahau. Kipindi chake cha Disneyland kilipoanza ABC tarehe 27 Oktoba 1954, katuni zilibaki mali yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya kamera kukaribisha. Hata hivyo nisimpambe kupita kiasi. Katuni nyingi za Disney za miaka ya 1930 hazikuonyesha majina ya wachoraji. Palikuwa na jina moja kubwa, lake. Ndiyo sababu mpaka leo mtaani kwetu kila katuni ni ya "Disney". Aliyelinda jina lake ameishia kumeza na majina ya wengine.

Aliyenivutia mimi ni Walter Lantz, mwenye Woody Woodpecker. Kipindi chake kilianza ABC mwezi Oktoba 1957, na kati ya katuni na katuni yeye alikuwa anajitokeza kueleza jinsi katuni inavyotengenezwa: mchoro wa kwanza, mchoro wa pili, rangi, kamera. Watoto waliotazama walijua kwamba nyuma ya ndege yule kuna mikono ya watu.

SUNGURA MMOJA, WENYE WAWILI

Tarehe 11 Oktoba 1960, usiku wa Jumanne, ABC ilianza kuonyesha The Bugs Bunny Show. Hiki ndicho ninachokiona kuwa mfalme wa vipindi vya aina hii. Jones na Freleng waliongoza sehemu mpya za kuunganisha: jukwaa, pazia, Bugs na Daffy wakiingia kwa wimbo na kofia mkononi. Kati ya sehemu hizo ziliwekwa katuni tatu za sinema. Vilitengenezwa vipindi 52.

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza, Warner walikuwa wameshauza katuni za kabla ya Agosti 1948, hivyo kipindi hiki kilitumia zile za baadaye tu. Katika mji mmoja wa Marekani mtoto aliweza kumwona Bugs Bunny wa ABC usiku na Bugs Bunny mwingine wa zamani mchana kwenye kituo cha jirani. Sungura ni mmoja, wenye ni wawili, na fedha zinakwenda mifuko tofauti. Mchoraji hayumo katika mfuko wowote.

La pili, ili katuni ziingie kwenye kipindi bila kukatiza jukwaa, ukurasa wa mwanzo wenye majina uliondolewa. Yalipita majina kwa pamoja mwishoni mwa kipindi kizima, lakini hukuweza kujua nani alifanya lipi. Katuni ya Jones iligusana na ya McKimson kama mitumba iliyofungwa robota moja. Mtazamaji hakuwa na njia ya kusema, "Huyu namjua, ana mkono wake." Na mkono ulikuwapo jamani! Jones anapenda kimya na jicho linalopepesa. Freleng anapiga kila hatua pamoja na muziki. Avery hana subira, anakulipua kabla hujakaa vizuri.

Hata sehemu zile mpya nazo zilikuja kuliwa na mkasi. Zilipigwa kwa rangi ingawa zilirushwa kwanza bila rangi. Kipindi kilipopangwa upya kwa marudio, filamu ya asili ya rangi ilikatwakatwa, na baadhi ya sehemu zake zimebaki kwa nakala zisizo na rangi tu. Mkusanyaji alimla hata mkusanyaji mwenzake.

Na je, Hanna na Barbera? Habari yao inachoma. Mwaka 1957 MGM waliifunga studio yao ya katuni. Wakubwa waliopiga hesabu waliona kwamba katuni ya zamani ikirudishwa sinema inaingiza karibu sawa na mpya. Basi mpya ya nini? Wale mabwana wawili, ambao Tom na Jerry wao walishaletea MGM tuzo saba za Oscar, wakaambiwa kazi imekwisha. Wameshindwa na kazi ya mikono yao wenyewe! Hawakulala. Desemba mwaka huohuo wakaingiza NBC kipindi cha Ruff and Reddy, chenye michoro michache na gharama ndogo: mdomo unasogea, mwili umetulia. Kutoka hapo wakafika kwa Huckleberry Hound mwaka 1958 na The Flintstones mwaka 1960. Safari hii jina lao lilikuwa jina la kampuni, likaandikwa mwanzo na mwisho, na hakuna aliyeweza kulikata bila kukata kila kitu.

JUMAMOSI ASUBUHI

Kuanzia mwaka 1962 Bugs Bunny alihamishiwa mchana wa watoto. Tom na Jerry walianza Jumamosi CBS mwezi Septemba 1965. Mwaka 1968 CBS iliwaweka pamoja Bugs Bunny na Road Runner katika kipindi cha saa nzima. Filamu zilizotungwa kwa ajili ya ukumbi wa watu wazima sasa zikawa mali ya watoto wanaokula uji wa asubuhi. Hapo ndipo mkasi ulipopata kazi mpya.

Mwaka 1968 Peggy Charren na wenzake waliunda kikundi cha wazazi, Action for Children's Television, kikipigania televisheni bora ya watoto, na miaka iliyofuata mitandao ikazidi kuogopa lawama za ukatili. Bunduki ikikaribia kulia, picha inaruka. Baruti inawashwa, kisha ghafla tunamwona Daffy amekwisha kuwa mweusi kwa masizi bila kujua kimetokea nini. Kisa kilichotungwa kwa hatua tatu kikabaki na hatua ya kwanza na ya tatu. Wewe unayetunga hadithi unajua maana yake: umeondolewa kiini, umeachiwa maganda.

Lakini kulikuwa na mkato mwingine ambao mimi, kijana wa Kiafrika, siwezi kuupita kimya. Katika Tom na Jerry za mwanzo yumo mama mmoja mweusi, mfanyakazi wa nyumba, tunayemwona miguu tu. Sauti yake alitoa Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani mweusi, na jina lake halikuandikwa. Sura ile ilikuwa dhihaka, na Wamarekani weusi waliilalamikia. Katuni zilipoingia Jumamosi asubuhi, timu ya Chuck Jones ilipewa kazi ya kuichora upya: miguu ikawa ya mwanamke wa Kizungu, na June Foray akaweka sauti nyingine. Mwaka huohuo wa 1968 kampuni ya United Artists, iliyokuwa imechukua hazina ya AAP, iliziondoa kabisa kwenye televisheni katuni 11 za Warner kwa sababu ya jinsi zilivyowadhihaki watu weusi.

Nafsi yangu inasema nini? Nisingependa mdogo wangu azitazame katuni zile 11 kama mchezo. Zinatukana. Lakini angalia kilichotokea kwa Lillian Randolph. Kwanza alinyimwa jina. Kisha, tusi lilipofutwa, naye akafutwa pamoja nalo. Waliochora tusi waliendelea kuitwa mabingwa. Mama aliyeuza sauti yake ili ale, akapotea mara mbili. Mkasi hauna macho ya haki. Unakata palipo rahisi kukatika.

UGOMVI WA MABABA

Jina likiondoka mahali pake, ugomvi huingia. Sungura wa kwanza wa Warner alitokea mwaka 1938 katika Porky's Hare Hunt, na mmoja wa waongozaji wake alikuwa Ben Hardaway, ambaye wenzake walimwita "Bugs". Mchoraji mmoja alipoandika kwenye karatasi ya michoro kwamba huyu ni sungura wa Bugs, jina likaganda. Mwaka 1940 Tex Avery akaongoza A Wild Hare, na hapo ndipo wengi wanasema Bugs Bunny kamili alizaliwa. Clampett, Freleng, Jones na McKimson wote wakamlea, kila mmoja kwa namna yake.

Mwaka 1975 ilitoka filamu ya Bugs Bunny: Superstar, iliyokusanya katuni za zamani huku Bob Clampett akisimulia historia. Clampett alijua kusimulia, nacho kiti cha mbele alikalia yeye. Chuck Jones alikasirika. Mwaka 1979 Jones naye akatoa filamu yake ya mkusanyiko, The Bugs Bunny/Road Runner Movie, na ndani yake Bugs mwenyewe anawataja baba zake mmoja mmoja. Clampett hatajwi. Wazee wawili waliofanya kazi jengo moja wakiwa vijana, wanagombea mtoto mbele ya dunia nzima! Kila mmoja alitumia chombo kilekile, mkusanyiko, kumfuta mwenzake. Kama kurasa za mwanzo zingeachwa mahali pake kwenye kila katuni, ushahidi ungekuwa mbele ya macho ya kila mtazamaji.

Max Fleischer ndiye aliyefika mbali zaidi. Katuni zake zilipoanza kurushwa, naye hana hisa na nembo za watu wengine zimebandikwa mwanzoni, alikwenda mahakamani New York kudai haki yake na jina lake. Hakushinda. Alifariki mwaka 1972.

MAJINA YARUDI

Haki ilirudi polepole, tena kwa mlango uleule ilikotokea. Mwaka 1986 Ted Turner alinunua MGM/UA, na hazina ya filamu ikabaki kwake: Tom na Jerry, Popeye, na zile katuni za Warner za zamani. Mtu mwenye stoo kama hiyo anahitaji duka, na tarehe 1 Oktoba 1992 Turner akafungua Cartoon Network, kituo cha katuni saa 24. Mwaka 1996 kampuni ya Turner ikaungana na Time Warner, na sungura aliyekuwa na wenye wawili akarudi nyumba moja baada ya miaka 40.

Ndani ya kituo hicho walikuwamo vijana waliozipenda katuni hizi kiasi cha kutaka kujua nani alizitengeneza. Wakaanzisha ToonHeads, kipindi cha kukusanya kama vingine, ila hiki kilieleza: katuni hii ni ya mwaka fulani, mwongozaji ni fulani, tazama alivyofanya. Mwaka 1996 ukaja The Tex Avery Show. Mwaka 2000 The Bob Clampett Show. Mwaka 2001 The Chuck Jones Show, na The Popeye Show, ambacho kilirudishia katuni za Popeye kurasa zao za mwanzo kadiri ilivyowezekana. Fikiria hilo, msomaji. Kipindi cha kukusanya, ambacho kwa miaka zaidi ya 40 kilikuwa kinakata majina, sasa kinabeba jina la mwongozaji kama kichwa cha habari! Wakati huohuo, mwaka 2000, kile kipindi cha Bugs Bunny kilichobadilishwa majina na kuhamahama tangu 1960 kilifika mwisho wake ABC.

KWETU

Utasema, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini? Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973. Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, na katuni zikaingia pamoja na vituo vipya. Sisi tuliozaliwa baadaye tulizipata zaidi kwenye diski zilizouzwa barabarani: Tom na Jerry 50 ndani ya diski moja, jalada limechapwa kwa rangi za kuumiza macho. Huo nao ni mkusanyiko. Aliyezichoma ndani ya diski ameweka namba yake ya simu kwenye jalada, lakini Hanna na Barbera hawamo. Na kule vibanda umiza, DJ anayetafsiri filamu hutaja jina lake kila baada ya dakika chache, mpaka mhusika anaonekana kama ndugu yake wa damu. Tulikuwa tunamcheka. Siku hizi namwelewa. Anaijua biashara ya nakala, anajua jina la pembeni litakatwa, basi analitia ndani ya mazungumzo.

Mimi mwenyewe nimeshaonja. Mwaka 2021 kilitoka kijitabu cha hadithi fupi za vijana, na moja ya hadithi hizo, ya kurasa nne, ni yangu. Kwenye jalada lipo jina la mkusanyaji. Ndani, hadithi zimefuatana bila jina la mtu, eti kwa kubana nafasi. Mama yangu alikishika kitabu akakipekua mara mbili, akaniuliza, "Sasa ya kwako ni ipi?" Nikamwonyesha. Akaisoma yote, akanyamaza, kisha akachukua kalamu ya mdogo wangu wa shule akaandika jina langu juu ya kichwa cha hadithi. Ni nakala moja tu iliyoandikwa hivyo, na ipo nyumbani kwetu.

Wazee wetu wa tenzi walilijua jambo hili zamani. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakuliacha jina lake likae juu ya karatasi ambako panya au mnakili angelila. Alilitia ndani ya beti za mwisho, pamoja na hesabu ya beti zenyewe, ili atakayepunguza ajulikane. Aliyenakili kwa mkono alilazimika kumnakili na yeye.

Wachoraji wa Warner nao walikuwa na ujanja wao, bila kuwahi kuusikia utenzi. Waliochora mandhari waliandika majina ya wenzao ndani ya picha: kwenye bango la barabarani, kwenye boksi la bidhaa, kwenye kibao cha duka ambalo sungura anapita mbele yake akikimbia. Ukurasa wa mwanzo ulikatwa, ila kibao kilibaki, maana kukikata kungekuwa kumkata na sungura. Kwa hiyo ukipata diski ya katuni hizo, usitazame tu nani anapigwa nyundo. Mbio zinapofika mtaani, simamisha picha usome vibao.